Dakika Arobaini za Nyiragongo

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, ubavu wa volkano ya Nyiragongo ulipasuka na lava ikaanza kumiminika kuelekea mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Iliteketeza nyumba za Buhene na vijiji vilivyo kandokando ya barabara ya Rutshuru, ikaja kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya thelathini walikufa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, kuta zikapasuka Goma na ng'ambo ya mpaka huko Gisenyi, Rwanda, na tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Familia zilibeba magodoro na masufuria, nyingine zikaelekea Sake, nyingine Rwanda, nyingine zikapanda boti kwenda Bukavu.

Mwaka uliofuata, watafiti walioongozwa na Delphine Smittarello walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao juu ya mlipuko ule. Walipopitia rekodi za mitetemo na za sauti zile nzito ambazo sikio la mtu halizisikii, waligundua kwamba dalili za kwanza zisizo na shaka zilionekana dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Volkano nyingi huonya kwa siku au wiki, kwa sababu magma hupanda kutoka chini ikivunja miamba njiani. Nyiragongo ilikuwa tayari imeibeba magma yake juu kabisa, ndani ya mwili wa mlima. Kilichobaki ni ukuta kuchoka.

Dakika arobaini zinatosha kumtoa mama na watoto wake kijijini Kibati na kuwafikisha mahali salama, mradi habari iwafikie dakika ile ile inapozaliwa. Hapo ndipo pagumu. Kihisi kilichofukiwa ubavuni mwa mlima kinategemea betri na paneli ya sola. Redio inategemea betri hiyo hiyo. Mnara unaopokea unahitaji umeme, kompyuta ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, inahitaji umeme na mtandao, na mtu wa zamu anahitaji kuwa macho mbele ya skrini. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo kilikosa hata fedha za kulipia mtandao, na kwa miezi kadhaa data za vihisi hazikuwafikia wataalamu kama ilivyopaswa. Mlima ulikuwa ukisema na waya ulikuwa umekatika.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kila ninaposoma habari za aina fulani ya sakiti iliyofanyiwa kazi zaidi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Ni sakiti ambazo hazikokotoi kwa namba kama tunavyozijua. Zinakokotoa kwa muda. Zinatumia umeme kidogo sana, kiasi kwamba kihisi kinaweza kujifanyia hesabu chenyewe kule kule mlimani na kutuma neno moja tu badala ya mafuriko ya takwimu. Kwa mji kama Goma, ambako kila wati ina historia yake, nadhani sayansi hii inastahili kueleweka na watu wengi kuliko wahandisi wachache wanaoijadili.

Tuanze na gharama. Ndani ya kompyuta au simu, kila namba huandikwa kwa sifuri na moja, na kila sifuri au moja inakaa kwenye waya wake. Waya unapopandishwa kutoka sifuri kwenda moja, hujazwa chaji kidogo. Unaposhushwa, chaji ile hupotea kama joto. Ndiyo maana simu hupata moto inapofanya kazi nyingi. Sasa chukua jambo dogo kama kuzidisha namba mbili, kila moja ikiwa na biti nane. Njia ya kawaida ya kujenga kizidishi hicho inahitaji malango ya mantiki 64 ya aina ya NA, yale yanayotoa moja pale tu pembejeo zote mbili ni moja, pamoja na vijumlishi 56, na kila kijumlishi nacho kina malango yake ndani. Ni mamia ya swichi zinazopanda na kushuka ili kupata jibu moja. Jibu ni sahihi kabisa, ila kila swichi imedai chake kutoka kwenye betri.

Katika ukokotoaji wa nasibu, ukoo ambamo sakiti hizi za muda zimezaliwa, kazi hiyo ya kuzidisha hufanywa na lango moja la NA. Transista sita, basi.

Inawezekanaje? Siri iko katika namna namba inavyoandikwa. Badala ya kuigawa kwenye waya nane, unaiweka kwenye waya mmoja na kuisoma kama sehemu ya muda ambao waya huo umewaka. Waya unaowaka nusu ya muda unasema 0.5. Unaowaka robo tatu ya muda unasema 0.75. Fikiria bomba la maji la mtaa huko Ndosho, Goma. Maji yanatoka pale tu mambo mawili yanapokutana: umeme uwepo ili pampu zisukume maji kutoka Ziwa Kivu, na msimamizi wa bomba awepo kulifungua. Ikiwa umeme unakuwepo nusu ya muda, na msimamizi, bila kujali umeme, anakuwepo tatu ya tano ya muda, basi akina mama wenye madumu watapata maji kwa nusu ya tatu ya tano, yaani asilimia 30 ya muda. Hakuna aliyepiga hesabu. Kukutana kwenyewe ndiko kulikozidisha. Lango la NA linafanya hivyo hivyo kwa mawimbi mawili ya umeme, mara mamilioni kwa sekunde.

Wazo hili si geni. John von Neumann, mmoja wa mababa wa kompyuta, aliandika katika miaka ya 1950 juu ya mashine zinazoweza kutoa majibu ya kuaminika hata kama viungo vyake haviaminiki, na humo akazitumia ishara zinazobeba uwezekano. Mwaka 1967 Brian Gaines huko Uingereza na Wolfgang Poppelbaum na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha, kila upande kivyake, namna ya kujenga kompyuta nzima kwa njia hiyo. Wakati ule transista ilikuwa ghali, na kufanya kazi kubwa kwa malango machache kulikuwa na maana. Kisha bei ya transista ikaporomoka, na wazo likawekwa kabatini kwa miongo kadhaa. Liliamka upya karne hii, dunia ilipoanza kupanda vihisi kila mahali, mashambani, mwilini mwa wagonjwa, kwenye madaraja, na ikabainika kuwa kinachokosekana sasa si transista. Ni nishati.

Lakini wazo hilo lilikuwa na ugonjwa wake, na hapa ndipo ugunduzi wenyewe ulipo.

Ili mawimbi mawili yakutane kwa haki, wahenga wa fani hii waliamini ni lazima yawe ya bahati nasibu, kama kurusha sarafu. Kila namba iligeuzwa kuwa mfuatano wa sifuri na moja zilizochanganywa ovyo. Bahati nasibu ina deni lake. Ukitumia mfuatano wa biti 256 kuwakilisha nusu, makosa ya kawaida ni kama asilimia 3. Ukitaka kuyapunguza makosa hayo kwa nusu, huhitaji biti mara mbili, unahitaji mara nne, 1,024. Kuitengeneza hiyo bahati nasibu nako kunahitaji sakiti maalumu, na mara nyingi sakiti hizo za kugeuza namba zilikula nafasi na umeme kuliko hesabu yenyewe. Lango la NA lilikuwa dogo na rahisi, lakini lilizungukwa na mitambo mikubwa ya kulilisha.

Mwaka 2016 Devon Jenson na Marc Riedel wa Minnesota waliuliza swali ambalo lilikuwa limekaa wazi kwa miaka hamsini: je, bahati nasibu inahitajika kweli? Walionyesha kuwa haihitajiki. Kinachohitajika ni kwamba kila hali ya wimbi la kwanza ikutane na kila hali ya wimbi la pili, bila kuruka na bila kurudia. Hilo linaweza kupangwa kwa makusudi, na likipangwa, jibu halina makosa ya kubahatisha hata kidogo.

Mwaka uliofuata, 2017, Hassan Najafi pamoja na Shiva Jamali-Zavareh, David Lilja, Riedel, Kia Bazargan na Ramesh Harjani walilipeleka wazo hilo mbele zaidi. Waliziacha zile biti. Namba ikawa pigo moja refu linalojirudia: waya unawaka kwa muda fulani, unazimika kwa muda uliobaki wa mzunguko, unawaka tena. Urefu wa kuwaka ndio namba. Na ili mawimbi mawili yakutane kwa haki, wakayapa mizunguko yenye urefu usiooana.

Jaribu kwa penseli. Wimbi la kwanza lina mzunguko wa hatua 4, linawaka hatua 2 na kuzimika 2, yaani nusu. La pili lina mzunguko wa hatua 5, linawaka 3 na kuzimika 2, yaani 0.6. Yaandike moja juu ya jingine hadi yarudi yalipoanzia pamoja. Yatarudi baada ya hatua 20, kwa kuwa 4 na 5 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Hesabu ni hatua ngapi yote mawili yamewaka. Ni 6. Sita katika ishirini ni 0.3, jibu kamili la 0.5 mara 0.6. Mwanafunzi wa shule ya msingi Katindo anaweza kulithibitisha kwenye daftari la mistari. Sijui uthibitisho mzuri kuliko huo katika uhandisi mzima wa kompyuta, kwa maana hautaki uamini neno la mtu.

Akiba ya nishati inatoka sehemu kadhaa. Mfuatano wa nasibu wa biti 256 unaosema 0.5 hupanda au kushuka karibu mara 127, na tumeona kwamba kila kupanda na kushuka kuna gharama yake. Wimbi la muda linapanda mara moja na kushuka mara moja katika kila mzunguko. Tena halihitaji ile saa kuu ya kielektroniki inayopiga bila kupumzika na kuvipa mwendo vyote vilivyomo ndani ya chipu. Watafiti wale walipojaribu sakiti zao kwenye kazi za kuchakata picha, waliripoti akiba ya hadi asilimia 98 ya nishati na asilimia 40 ya eneo la chipu, wakizilinganisha na sakiti za nasibu za awali. Ulinganisho huo ni na ndugu zake wa zamani, si na kila kompyuta duniani, na msomaji asiupanue kupita hapo.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi kuliko asilimia zote hizo. Dunia haituletei namba. Joto, mtetemo, gesi, mwanga, vyote huingia kwenye kihisi kama volteji inayopanda na kushuka taratibu. Kompyuta ya kawaida inalazimika kuipima volteji hiyo na kuigeuza kuwa sifuri na moja kabla ya kufanya lolote, na kigeuzi hicho kinakula umeme. Katika njia ya muda, unajaza kapasita polepole ili volteji yake ipande kama mwinuko, kisha kilinganishi kinasema "waka" mradi volteji ya kihisi iko juu ya mwinuko huo, na "zima" mwinuko unapoipita. Tayari. Volteji imekuwa muda, na muda unaingia moja kwa moja kwenye lango.

Mbinu hiyo ya kuwasha na kuzima kwa vipimo imo katika nyumba nyingi za Goma. Nenda kwenye maduka ya sola ya Birere, ushike kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, utakuta vingi vimeandikwa herufi PWM. Kinachomaanishwa ni hicho hicho: betri inapokaribia kujaa, kisanduku hakipunguzi umeme wa paneli kama mtu anavyobana koki, kinauwasha na kuuzima haraka na kurefusha ule muda wa kuzima. Taa nyingi za LED hupunguziwa mwanga kwa njia hiyo. Fundi anayezitengeneza kila siku ameshika kwa vidole vyake nusu ya sayansi hii.

Sasa turudi kidogo kwenye bomba la Ndosho, maana lina siri ya pili. Tulisema msimamizi anakuja bila kujali umeme. Vipi kama anakuja pale tu anapoona umeme umerudi? Hapo hesabu inabadilika. Kukutana kwao hakuzidishi tena, kunatoa ile ndogo kati ya hizo mbili: umeme ukiwepo nusu ya muda, maji yatatoka nusu ya muda. Wahandisi wamelitumia hili kwa ustadi. Mawimbi mawili yanayoanza kuwaka kwa wakati mmoja, yakiingia kwenye lango la NA, hutoa namba iliyo ndogo. Yakiingia kwenye lango la AU, hutoa iliyo kubwa. Yakiingia kwenye lango linalowaka pale tu moja pekee kati ya mawili limewaka, hutoa tofauti kati yake. Lango la NA ni lile lile lililozidisha, waya ni ule ule, na kazi inabadilika kwa sababu ya namna mawimbi yalivyopangwa katika muda. Ukipanga malango hayo kwa safu unapata sakiti ya kupanga namba kwa ukubwa na ya kutafuta ile ya katikati, kazi inayotumika kusafisha kelele kwenye vipimo.

Tupande nayo mlimani.

Mwaka 1991 Elliot Endo na Thomas Murray, wataalamu wa volkano wa Marekani, walichapisha njia rahisi sana ya kufuatilia mitetemo, inayojulikana kama RSAM. Hawakujaribu kuchambua kila tetemeko. Walichukua ukubwa wa mtikisiko bila kujali unaelekea juu au chini, wakapata wastani wake kwa kila kipindi kifupi, wakauchora. Mchoro ukipanda, mlima unaamka. Mwaka huo huo njia hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotumika Pinatubo, Ufilipino, kabla ya mlipuko mkubwa wa Juni, na makumi ya maelfu ya watu waliondolewa kwa wakati. Haukuwa ukokotoaji wa ustadi mkubwa wa tarakimu nyingi. Ulikuwa makadirio yaliyofika mapema.

Tazama sehemu zake. Ukubwa bila kujali mwelekeo ni tofauti kati ya wimbi na mstari wake wa katikati, yaani lile lango la tofauti. Wastani unapatikana kwa kuziruhusu ishara zipokezane kwenye waya mmoja kwa zamu. Kujua kama mtikisiko wa sasa umezidi mara tatu ya ule wa kawaida, unazidisha wa sasa kwa theluthi moja, ambayo ni lango moja la NA na wimbi linalowaka theluthi ya muda, kisha unalinganisha. Hesabu yote ambayo mlima huu unaitaka ili useme "njoo utazame" inaingia katika malango yanayohesabika kwa vidole vya mikono na miguu.

Na linganisha na njia ya kutuma kila kitu. Kipima-mitetemo kinachosoma mara 100 kwa sekunde, katika pande tatu, kinazalisha namba karibu milioni 26 kwa siku. Mtandao wa KivuSNet, uliojengwa kuanzia mwaka 2012 na OVG pamoja na taasisi za Luxembourg na Ubelgiji, ulikuwa hatua kubwa kwa sababu uliwezesha data za aina hiyo kufika moja kwa moja. Wanasayansi wanazihitaji zote, bila hizo Smittarello na wenzake wasingeandika chochote. Mimi sipendekezi ziachwe. Ninachosema ni kwamba kando ya vipima-mitetemo hivyo vya kifahari kuna nafasi ya vihisi vidogo vingi, vya bei ya chini, vinavyonyamaza miezi yote na kutumia redio pale tu kuna jambo. Redio ndiyo mlaji mkubwa katika kihisi cha aina hii. Kinachofikiri kwanza na kusema baadaye hudumu muda mrefu kwa betri ndogo, na jibu lake jepesi linaweza kupita hata kwa ujumbe mfupi wa simu mtandao wa intaneti ukiwa umelala.

Mlima wenyewe pia ni adui wa vifaa. Kuna joto, unyevu, majivu, na gesi zenye asidi zinazokula metali. Katika kompyuta ya kawaida, biti ya juu kabisa ya namba ya biti nane ikigeuka kwa hitilafu, jibu linakosea kwa 128 kati ya 256. Mlima tulivu unaonekana umelipuka, au uliolipuka unaonekana umelala. Katika mfuatano ambamo kila hatua ina uzito sawa, hatua moja ikiharibika kosa ni moja katika 256. Hakuna biti kubwa wala biti ndogo. Hitilafu inauma kidogo na kupita.

Kuna mahitaji mengine yasiyongoja mlipuko. Kila mkazi wa pwani ya ziwa, kuanzia Himbi hadi Bulengo, anazijua mazuku: mashimo na mabonde ambamo kaboni dayoksaidi kutoka ardhini hukaa chini, kwa kuwa ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto au mbuzi karibu naye akaanguka. Gesi hiyo ikizidi kama asilimia 10 ya hewa, fahamu hupotea haraka. Maeneo hayo hayo yamejengwa, na watu waliokimbia vita walipiga mahema juu yake kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Kengele ndogo inayosema "hapa pamezidi" haihitaji kujua kama kiwango ni asilimia 10.2 au 10.4. Inahitaji kuwa pale, iwe hai, na ilie.

Mipaka ipo, na ni ya kweli. Njia hii inafaa kwa usahihi wa kadiri. Ukitaka tarakimu nyingi, muda wa kukamilisha mikutano yote ya mawimbi unarefuka mno: namba mbili za biti nane kila moja zikitaka kukutana kikamilifu zinahitaji hatua 65,536. Hakuna atakayeitumia kuhesabu salio la pesa za simu, wala asijaribu. Mapigo ya umeme nayo hutikisika, hayapandi na kushuka kwa wakati ule ule daima, na mtikisiko huo ni kosa ambalo mhandisi hulipunguza bila kulimaliza. Na kihisi cha gesi chenyewe kinaweza kutumia umeme mwingi kuliko hesabu zake, hivyo akiba ya sakiti peke yake haitoshi. Kazi hii kwa sehemu kubwa bado iko maabara na kwenye majarida.

Vilevile hakuna sakiti inayoweza kuzuia mtu kung'oa paneli au risasi kukata nyaya. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipofika Goma na waasi wa M23 wakauchukua mji, umeme ulikatika, pampu zikasimama, watu wakarudi kuteka maji ziwani. Kituo cha umeme cha Matebe, kilichozinduliwa Desemba 2015 kikiwa na uwezo wa megawati 13 hivi, ni kazi ya fahari, na bado nyaya zake zilipita katikati ya vita. Ninalitaja hilo kwa kuwa linaonyesha kwa nini uhandisi wa kutumia umeme kidogo una uzito wa pekee hapa. Kifaa kinachoishi kwa mwanga wa paneli ndogo kama kiganja hakingoji nguzo zisimamishwe upya.

Na kuna hili ambalo siwezi kulipita. Rubaya, kule Masisi, magharibi mwa Goma, vijana wanachimba kwa mikono koltani ambayo kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Tantalamu hiyo huenda kwenye kapasita zinazotuliza umeme ndani ya simu, kompyuta na vyombo vya hospitali. Ardhi hii inailisha dunia nzima ya elektroniki. Ni haki ya watoto wake wajue elektroniki hiyo inavyofikiri, na wapate nafasi ya kuifikirisha wao wenyewe.

Kwa mwalimu wa elektroniki wa Goma, jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Nunua chipu mbili za 555, zile za CMOS zinazotumia umeme kidogo. Mchoro wa 555 ya asili ulibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na hadi leo ni miongoni mwa chipu za bei nafuu kabisa. Zipangie vipinga, kapasita na diodi ili ya kwanza iwake nusu ya mzunguko wake na ya pili asilimia 60, kila moja kwa mwendo wake usiolingana na wa mwenzake, tuseme moja ikipiga mara 1,000 kwa sekunde na nyingine kama mara 1,370. Ziingize kwenye lango moja la chipu 4081, zote zikipewa volti 5. Mwisho weka kipinga na kapasita vya kulainisha mapigo, kisha mita ya volti. Wimbi la kwanza likilainishwa litasoma karibu 2.5, la pili karibu 3. Lango litasoma karibu 1.5, ambayo ni asilimia 30 ya volti 5. Kisha chukua 555 ya tatu, iwe ndiyo inayoziamsha zile mbili kwa pamoja ili kila pigo lianze wakati mmoja, na uzipange upya zile mbili ili ya kwanza iwake nusu ya mzunguko huo wa pamoja na ya pili asilimia 60, lakini lango usiliguse. Mita itapanda hadi 2.5. Wanafunzi wataona lango lile lile limeacha kuzidisha na kuanza kuchagua namba ndogo, na wataanza kuulizana kwa nini.